Fundi wa Wete na majahazi ya Homer

Swali hili limetoka kwa kijana wa Wete, Pemba. Nimelifupisha kidogo.

"Assalaamu alaykum mwalimu, na shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 28, nashona kanzu na sare za skuli. Mwaka jana nilitia nia ya kusoma vitabu vikubwa vya dunia. Nikapata kwenye intaneti orodha ya vitabu 100, nikaanza na cha kwanza, *Iliad* ya Homer, kwa Kiingereza. Nimekwama sura ya pili, panapotajwa majahazi na manahodha, kurasa baada ya kurasa. Mwezi wa nne huu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Kaka yangu ananambia mkataa kwao ni mtumwa, niachane na vitabu vya Wazungu. Nianze wapi? Kusoma tafsiri za Kiswahili ni aibu? Na mtu anaweza kweli kuvimaliza vyote mia?"

Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu.

Kwanza nikutoe hofu. Hapo ulipokwama wewe ndipo walipokwama wengi, wakiwemo wanaojidai wamekisoma kitabu chote. Majahazi ya Wagiriki wa kale yanayotajwa pale yanapindukia elfu moja, na sehemu ile haikutungwa kwa ajili yako wala yangu. Iliimbwa mbele ya watu waliotega masikio wasikie mji wao utatajwa lini na nahodha wao kaleta vyombo vingapi. Chukua tangazo la kifo redioni kwetu: marehemu ni mama wa fulani wa Konde, shangazi wa fulani wa Mtambwe, mkwe wa fulani wa Kojani. Mgeni akilisikiliza ataona majina matupu. Wewe likitajwa jina la ami yako, mguu unasita juu ya cherehani. Wagiriki wa zamani ndivyo walivyoisikia sura ya pili. Sisi hatuna ami kule, kwa hiyo tunasinzia, na hilo si kosa la akili zetu.

Kosa ni la orodha. Aliyeipanga amepanga kwa umri wa vitabu, cha kale kwanza. Hivyo sivyo mtu anavyofundishwa kusoma, na wewe unalijua hilo tangu utotoni. Ulipopelekwa chuoni, ustadhi hakukufungulia Baqara yenye aya 286. Alikushika kwenye alifu, kisha Alhamdu, kisha ukaingia Juzuu Amma kutokea mwisho: *Qul a'udhu birabbi-nnas*, aya sita, unapanda taratibu. Msahafu una juzuu 30, na mtoto wa Kizanzibari anaingilia mlango wa nyuma, penye sura fupi, tena sura alizozisikia nyumbani watu wakisali kabla hajaijua hata herufi moja. Vitabu vya wanaadamu havilingani na Msahafu na wala sivilinganishi. Ninachokitazama ni njia ya walimu wetu. Walikuanzisha na kilicho kifupi, tena kile ambacho sikio lako limekwisha kukizoea. Katika miaka arubaini ya kusoma na kusomesha sijaona njia iliyo bora kuliko hiyo, na nimechelewa sana kuifuata mwenyewe.

Maana mimi nilianza vibaya kukushinda. Skuli tulipangiwa mchezo wa Shakespeare kwa ajili ya mtihani. Mwalimu tuliyekuwa naye, Mungu amrehemu, hakutufungulia hata ukurasa; alituandikia muhtasari ubaoni tukaukariri kama orodha ya mito ya Afrika. Nikafaulu, nikatoka nikilichukia jina la mtu yule kwa zaidi ya miaka kumi. Kilichonirudisha ni kitabu kisicho na mwisho. Zamani hizo vitabu vya shirika la Progress la Moscow vilikuwa rahisi, vingine hata kwa Kiswahili, na nilinunua kimoja cha Kiingereza cha hadithi za Mrusi Anton Chekhov kwa muuza vikorokoro Darajani. Mchwa walikuwa wameanza kukila kwa nyuma. Hadithi ya mwisho, ile ya bibi mwenye kijibwa, ilikatika pale mwanamme na mwanamke wanapoanza kujiuliza watatokaje katika mambo yao. Nikahisi nimedhulumiwa. Nikatunga mwisho wangu mwenyewe, wenye talaka mbili na arusi moja, nikawasimulia rafiki zangu kama ndio wa kweli. Miaka mingi baadaye nikakipata kitabu kizima. Mchwa walikuwa wamekula nusu ukurasa tu! Chekhov, mwaka 1899, aliiachia hadithi palepale: safari bado ndefu na lililo gumu zaidi ndiyo kwanza linaanza. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya kwa ile arusi yangu.

Basi wewe usianze na Homer. Anza na fundi mwenzako.

Yumo katika hadithi ya Mrusi Nikolai Gogol iitwayo *Koti*, iliyotoka mwaka 1842. Ni hadithi fupi, wiki moja ukisoma kidogo kidogo baada ya kufunga duka. Habari yenyewe ni ya karani masikini wa St. Petersburg, kazi yake kunakili barua za ofisi, mshahara wake rubo 400 kwa mwaka, na koti lake limechakaa mgongoni na mabegani hadi limekuwa kama chandarua. Baridi ya kule si kipupwe chetu. Mtu bila koti anakufa. Analipeleka kwa fundi anayeitwa Petrovich. Gogol anamweka Petrovich mbele yako kama umekaa naye dukani: amekunja miguu juu ya meza kama pasha wa Kituruki, miguu mitupu, na ukucha wa kidole gumba mnene mgumu kama gamba la kobe. Jicho moja bovu. Karani anapoingia, Petrovich yuko katika dakika ya tatu ya kutunga uzi kwenye sindano na uzi haupiti, analikasirikia giza, anautukana uzi wenyewe. Nakuuliza wewe unayejua: si hivyo hivyo?

Karani anaomba kiraka. Petrovich analitandaza koti, analitazama, anatikisa kichwa. Halishoneki. Kiraka hakina pa kushika, kitambaa kimeoza, ukipitisha sindano kinachanika. Lazima jipya. Bei ya kwanza anayoitaja inamtia mtu wazimu, kwa sababu Petrovich anapenda kumstusha mteja halafu amtazame usoni. Mwisho wanaelewana: rubo 80 kwa kila kitu. Piga hesabu. Ni moja ya tano ya mshahara wa mwaka mzima. Karani anaacha chai ya jioni, hawashi mshumaa, akitembea barabarani anakanyaga kwa ncha za vidole soli zisilike. Wanakwenda pamoja kununua kitambaa na bitana, na kwa kuwa manyoya mazuri ya kola ni ghali wanachukua ngozi ya paka, bora kabisa iliyokuwepo dukani, ambayo kwa mbali mtu angeidhania ile ya bei. Wiki mbili za kushona, uzi wa hariri, mishono midogo iliyorudiwa, na kila mshono Petrovich anaupitia kwa meno. Ujira wake rubo 12.

Halafu inakuja sehemu ninayotaka uisome polepole. Siku ya kulikabidhi koti, karani analivaa, anatoka kwenda kazini. Petrovich anatoka naye, anasimama barabarani kulitazama likienda. Halijamtosha hilo. Anakata uchochoroni, anakimbia, anatokea mbele ya barabara ile ile ili alitazame mara nyingine kutoka upande wa mbele.

Maprofesa wameandika mengi juu ya hadithi hii, juu ya serikali ya Kirusi na unyonge wa mtu mdogo. Sijamwona aliyekaa na mbio zile za uchochoroni kama anavyoweza kukaa nazo mtu aliyewahi kushona kanzu ya bwana arusi kisha akasimama nyuma ya umati kutazama mabega yalivyokaa. Yaliyomfika karani baada ya hapo sikwambii.

Nalisema hili kwa sababu orodha yako imekutia woga wa namna fulani, kwamba vitabu hivi vina wenyewe na wewe ni mpita njia. Niliwahi kuwa na woga huo hadi siku moja kijijini kwa mama, Bumbwini. Palikuwa na mzee aliyeendesha gari la ng'ombe maisha yake yote, akibeba mawe na chokaa. Hajui kusoma herufi za Kirumi. Jioni moja barazani nikamsimulia kwa Kiswahili hadithi nyingine ya Chekhov, ya mwaka 1886, ya mwendesha gari la farasi anayeitwa Iona. Amefiwa na mwanawe wiki ile ile, theluji inamwangukia yeye na farasi wake, na kila abiria anayempanda anajaribu kumwambia, "Mwanangu amekufa," na hakuna anayesikiliza. Mmoja anamhimiza aende upesi, wengine wanamtukana, kijana mwenzake wa kazi anakunywa maji na kulala. Mwisho anakwenda bandani, anamsimulia farasi.

Nilitegemea mzee aseme "masikini". Aliniuliza, "Farasi alikuwa anakula nini?"

Nikamwambia majani makavu. Hakupata pesa ya shayiri siku hiyo.

Akanyamaza, akatema mate pembeni. "Basi hapo ndipo," akasema. "Kashindwa kumlisha mwanawe dawa, na leo kashindwa kumlisha mnyama. Ndiyo maana akasema naye. Alikuwa anamtaka radhi."

Mimi nilikuwa nimeisoma hadithi ile labda mara nane, na nimeisomesha. Shayiri sikuiona hata mara moja. Niliporudi mjini niliifungua tena na nikaikuta ipo wazi kabisa: kabla ya kuanza kumsimulia, Iona anamwambia farasi kwamba kama hatukuchuma pesa ya shayiri tutakula majani. Ilimhitaji mtu wa gari kuisikia.

Jambo dogo la kukusaidia na Warusi, kwani utakutana nao tena: watu wanalalamika kwamba majina yao hayashikiki. Sisi hatuna sababu ya kulalamika. Jina la kati ni "bin" yetu tu. Ivan Ilyich ni Ivan bin Ilya. Karani wa Gogol, Akaky Akakievich, ni Akaky bin Akaky. Wazazi wake walikosa jina la kumpa wakamrudishia la baba. Na pale mtu mmoja anapoitwa majina matatu katika ukurasa mmoja, kumbuka Abdalla wa mtaani kwenu ambaye mama yake anamwita Dula na karani wa skuli anamwita kwa jina la babu. Andika majina nyuma ya daftari, utazoea baada ya kurasa thelathini.

Sasa kaka yako. Mheshimu, ni mkubwa wako, na methali aliyoitoa ni ya kweli. Lakini mpelekee kisa cha kima na papa, anakijua. Papa kamlaghai kima ampande mgongoni, katikati ya bahari anamwambia sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu, "Mbona hukunambia mapema? Sisi mioyo yetu tunaiacha juu ya miti." Na papa mpumbavu anamrudisha pwani. Kisa hicho kimo katika kitabu cha ngano alizoandika Edward Steere kutoka vinywani mwa watu wa Zanzibar hapa hapa, kilichochapwa London mwaka 1870. Ndani yake kima anaongezea kisa cha punda wa dobi, asiyekuwa na moyo wala masikio. Visa vyote viwili, kimoja ndani ya tumbo la mwenzake vile vile, vimo katika *Kalila wa Dimna* ya Kiarabu, aliyoifasiri Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8 kutoka Kiajemi, na Waajemi waliipata kwa Wahindi, katika *Panchatantra* ya Kisanskriti. Kule India mwenzake kima ni mamba na mti wenyewe ni mzambarau. Kwa Mwarabu mamba amekuwa kobe na mti ni mtini. Ulipofika kwetu mti ukawa mkuyu na mnyama akawa papa, maana sisi mamba hatuna. Kutoka Kiarabu visa hivyo vikaenda Ulaya, na Mfaransa La Fontaine alikiri mwaka 1678 kwamba amechota kwa mwenye hekima wa Kihindi. Mwulize kaka yako kisa cha kima ni cha nani.

Na kama bado anabisha, mwambie tumo hata katika vile vinavyoitwa vitabu vyao khasa. John Milton, kipofu, akisema huku watu wakimwandikia, alitoa mwaka 1667 utenzi mrefu wa habari za Adamu. Katika sehemu ya 11 Adamu anapandishwa kilimani aonyeshwe falme za dunia zitakazokuja, na miongoni mwake zimo Mombasa, Kilwa, Malindi na Sofala, kwa tahajia zao za wakati ule. Mreno Camões, mwaka 1572, amewafanya watu wa Mombasa wahaini na sultani wa Malindi mwungwana; sehemu tatu nzima za utenzi wake ni Vasco da Gama amekaa akimsimulia sultani wa Malindi historia ya Ureno na safari yake mwenyewe. Camões ana kiburi cha mtu wa mizinga na mimi simpendi sana. Lakini kusoma unavyoelezwa na mtu aliyekuja na jahazi la vita ni somo peke yake.

Ninayempenda ni Cervantes. Alikaa mateka Algiers miaka mitano, tangu 1575 hadi 1580, na ilimbakia. Katika *Don Quixote*, iliyotoka sehemu mbili, 1605 na 1615, ukifika mwisho wa sura ya nane hadithi inakatika, mashujaa wawili panga ziko hewani. Mwandishi anadai habari alizokuwa nazo zimekwisha. Halafu siku moja yuko sokoni Toledo, anamwona kijana anauza madaftari makuukuu kwa mfanyabiashara wa hariri. Maandishi ni ya Kiarabu. Anatafuta mtu wa kizazi cha Waislamu wa Hispania amsomee, na yule anapofungua tu anaanza kucheka. Kumbe ndiyo hadithi yenyewe, imeandikwa na mwanahistoria wa Kiarabu aitwaye Sidi Hamid! Anayanunua madaftari kwa nusu reale, anampeleka mfasiri nyumbani kwake, na ujira wanaokubaliana ni zabibu kavu na ngano. Kazi inakwisha kwa mwezi mmoja na nusu hivi. Yote hiyo ni mzaha wa Cervantes, hakuna Sidi Hamid. Lakini kitabu ambacho Wahispania wanakiweka juu ya vyote kimejengwa kama tafsiri kutoka Kiarabu, iliyolipwa kwa zabibu.

Kwa hiyo swali lako la aibu ya tafsiri nimeshalijibu nusu. Nusu ya pili ni kwamba sisi ni watu wa tafsiri tangu zamani. Hamziya, kasida ya kumsifu Mtume inayosomwa kwetu, Aidarusi bin Athumani wa Pate aliifasiri kutoka kwa Busiri wa Misri, kwa Kiswahili cha kale ambacho leo nacho kinahitaji mfasiri. Shakespeare amefasiriwa na Mwalimu Nyerere: *Juliasi Kaizari*, iliyotoka kwanza mwaka 1963, akiwa Rais, na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Samuel Mushi ametupa *Makbeth* mwaka 1968. Kati ya hivyo anza na *Makbeth*, ni fupi na ina damu. Usisome kimya. Vile ni vya kusomwa kwa sauti, na kama una mwanafunzi dukani mpe sehemu ya mke.

Hapa nichopeke kidogo. Watu wengi wanasema Nyerere alichafua jina la mchezo ule kwa siasa, kwamba Shakespeare aliandika "mfanyabiashara" na yeye akamgeuza "bepari". Siasa ilikuwepo, sikatai. Lakini neno bepari limetujia kutoka India na maana yake ya mwanzo ni mfanyabiashara tu, mtu wa duka. Nyerere alipata neno moja lenye nyuso mbili, na mfasiri akilipata neno la namna hiyo hulala usingizi mzuri.

Vipo vingine: *Shamba la Wanyama* ya George Orwell, aliyoifasiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967, *Shujaa Okonkwo* ya Chinua Achebe, mwaka 1973, *Wema Hawajazaliwa* ya Ayi Kwei Armah, kwa kalamu ya Abdilatif Abdalla, ambayo ni Kiswahili cha kulamba vidole. Karibu zaidi na kwetu, Ida Hadjivayanis amemfasiri Alisi wa Lewis Carroll, na mwaka 2022 akatuletea *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyezaliwa 1948 na kupewa Tuzo ya Nobel 2021. Tulingoja muda mrefu sana kuisoma kwa lugha ya watu waliomo ndani yake, lakini imekuja.

Kwa Kiingereza chako cha kidato cha nne nina habari njema ambayo skuli hawaisemi: waandishi wa Kirusi katika tafsiri ya Kiingereza ni wepesi kuliko Waingereza wenyewe. Dickens anacheza na lugha yake, anaikunja, anaitania. Mfasiri anaogopa kucheza, kwa hiyo anaandika sentensi iliyonyooka. Tafsiri za Constance Garnett za Chekhov na Tolstoy zimezeeka, hazina tena mwenye haki, na unazipata bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, kwa simu hiyo hiyo uliyopatia orodha. Kamusi iweke karibu, lakini usiifungue zaidi ya mara tatu kwa ukurasa. Neno likikukatalia, lipite kama unavyoipita pini iliyoanguka sakafuni. Ukilihitaji litakuchoma tena.

Baada ya mwaka hivi, mrudie Homer, lakini upande wa pili: *Odyssey*. Tena usianze mwanzo. Sura nne za kwanza ni mtoto anamtafuta baba. Anza sura ya tisa, Odysseus mwenyewe, yule baba, anaposimulia alivyonaswa pangoni kwa jitu lenye jicho moja linalokula watu, wakalitoboa jicho kwa mti uliochongwa, wakakimbilia chomboni, na jitu likawa linawarushia majabali. Utasema nimeshaisikia hii. Ndiyo, ni safari ya tatu ya Sindbad, ila pale wanatumia vyuma vya moto. Ukishaonja, rudi mwanzo, utakuwa na hamu ya kumjua mkewe, Penelope. Wachumba wamejaa nyumbani wanamtaka aolewe. Anawaambia ngojeni nimalize kufuma sanda ya mkwe wangu. Mchana anafuma, usiku anafumua kwa mwanga wa mienge, na anawazuia kwa miaka mitatu. Wewe unayejua kufumua mshono mmoja tu kunavyoumiza vidole, pima miaka mitatu.

Vyote mia? Hapana, na wala usijaribu. Mimi katika hiyo orodha yako sijamaliza *Ulysses* ya James Joyce. Nimeianza mara tatu, kila mara nimeirudisha kabatini kwa adabu, na ninalala. Kitabu kikikukatalia kwa kurasa hamsini, kifunge, uandike tarehe ndani ya jalada, ukijaribu tena baada ya miaka mitano. Mara nyingine aliyebadilika ni wewe.

Lakini kimoja kikubwa lazima ukichukue, kwa sababu kusoma vifupi tu ni sawa na kushona kofia maisha yote bila kukata kanzu. Mimi ningekwambia *Vita na Amani* ya Tolstoy. Unene wake unatisha, lakini ina sura 361, na nyingi ni za kurasa nne tano. Sura moja baada ya Isha. Mwaka wa Kiislamu una siku 354, kwa hiyo ukianza mwezi mosi Mfunguo Mosi utakuwa umebakiwa na sura saba tu ukiingia mwaka wa pili, na hizo za mwisho zote ni Tolstoy anagombana na wanahistoria, unaweza kumwacha agombane. Ukitaka kwanza kumwonja, ipo *Hajji Murat*, iliyochapwa 1912 yeye ameshafariki: kamanda Mwislamu wa milima ya Caucasus, amebanwa baina ya imamu wake na Warusi, na familia yake imeshikwa. Inaanza na mtu anayejaribu kulichuma ua la mbaruti shambani, linamchoma mikono, nyuzi za shina zinakatika moja moja, na akishalichuma limeharibika na halina uzuri tena. Ukurasa mmoja na nusu. Kitabu kizima kimo mle.

La mwisho ni la vitabu vya karatasi. Maktaba ipo Chake Chake, na ukija Unguja ipo ile kubwa ya Maisara. Ukiwa na siku moja tu mjini, nenda asubuhi kabla ya boti. Usinunue kingi kwa mara moja. Unyevu wetu hauna huruma, kitabu kisichofunguliwa miezi sita kinaota ukungu mgongoni. Wewe una karafuu bure: chache kavu kwenye kipande cha bafta, nyuma ya kabati. Vyangu vyote vinanuka kama kambi ya Pemba wakati wa mavuno.

*Koti* anza nayo wiki hii. Na ukifika pale Petrovich anapokata uchochoroni, niandikie. Nataka kujua kama mafundi wa Wete nao hufanya hivyo, au ni mimi tu niliyedhani.